Kassel hadi ziwa Garda na karavani nyuma: mlima tuliouandaa na kiteremko tulichokisahau

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alinipigia simu jioni moja ya Machi 2025. Alikuwa ametoka kununua karavani, yaani tela la kuishi, iliyotumika lakini bado safi, na kabla hajaifikisha nyumbani kwao Kassel, Ujerumani, alikuwa ameshapanga safari. "Shemeji, Julai tunakwenda Italia, ziwa Garda. Nimeangalia kwenye simu, mwendo wa saa tisa tu. Watoto wataamkia ziwani."

Nilimuuliza maswali matatu. Karavani ikijaa ina kilo ngapi? Leseni yako inaruhusu kuvuta nini? Na unashukia wapi? La tatu hakulielewa. Alidhani namuuliza watafikia wapi, akanitajia kambi iliyoko Torbole, ukingoni mwa ziwa. Mimi nilikuwa namuuliza mlima atakaoushuka.

Kabla ya kuhamia Ujerumani niliendesha lori la mizigo kwa miaka sita kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na kila safari ilikuwa na mlima Kitonga ndani yake. Aliyepita Kitonga na mzigo anajua kwamba kupanda kunachosha injini, lakini kushuka ndiko kunakomaliza watu. Lori likishindwa kupanda linasimama, utingo anarusha jiwe nyuma ya tairi, mnasubiri. Lori likishindwa kushuka halisimami. Karavani ni ndogo kuliko semitrela, ila hesabu ni ile ile, na milima ya Alps ina Kitonga nyingi zilizopambwa maua pembeni.

Nakieleza kisa hiki chote, pamoja na mahali nilipokosea mimi mwenyewe, kwa sababu naona ndugu zetu wengi walioko Ulaya wanaanza kununua matela haya ya kuishi. Ni nyumba ndogo ya magurudumu mawili yenye vitanda, jiko la gesi, sinki na friji. Familia ya watu wanne inalala humo wiki mbili kwa gharama ambayo hotelini ingeisha kwa siku chache. Ni jambo zuri sana. Lakini muuzaji anakupa funguo na kukutakia safari njema, na hakuna anayekufundisha kuishusha mlimani.

Mizani kwanza

Shemeji alikuwa ameanza na ramani. Nikamwambia aiweke kando atafute kadi ya gari na kadi ya karavani.

Kwenye kadi ya gari ya Ujerumani kuna kisanduku O.1, ndicho kinachosema tela lenye breki lisizidi uzito gani. Kwa gari lake, station wagon ya dizeli, palikuwa na kilo 1,800. Namba hiyo haichaguliwi ovyo. Ulaya mtengenezaji lazima athibitishe kwamba gari likiwa na tela la uzito huo linaweza kuondoka kutoka kusimama kwenye mpando wa asilimia 12, mara tano ndani ya dakika tano. Asilimia 12 maana yake ni kupanda mita 12 katika kila mita 100 za kwenda mbele. Juu ya hapo hakuna aliyekuahidi kitu. Ukisimama kwenye foleni mahali penye asilimia 15, gari linaweza kukataa kuondoka, na nyuma yako kuna basi.

Kisha kuna hewa. Kadiri unavyopanda ndivyo inavyokuwa nyepesi na injini kupungukiwa pumzi. Vitabu vingi vya magari vinamtaka mwenye gari apunguze asilimia 10 ya uzito wa jumla kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Injini zenye tabo (turbo) huvumilia zaidi, lakini kitabu ndicho kitabu. Karavani yake ilikuwa na uzito wa juu unaoruhusiwa wa kilo 1,500, kwa hiyo nafasi ilikuwapo. Kwa upande huu alinunua vizuri.

Leseni ndiyo iliyomshtua. Alikuwa na daraja B la kawaida. Daraja B linaruhusu tela linalozidi kilo 750 iwapo tu gari na tela kwa pamoja havivuki kilo 3,500, na sheria haiangalii umepakia nini siku hiyo. Inajumlisha uzito wa juu ulioandikwa kwenye kadi mbili. Gari lake 2,200, karavani 1,500, jumla 3,700. Angefika mpaka wa Austria akiwa dereva asiye na leseni ya kile anachoendesha, na ajali ikitokea bima inaweza kumgeukia na kumdai. Dawa yake ilikuwa nyongeza ya B96, inayofika hadi kilo 4,250. Ujerumani ni mafunzo ya saa saba tu bila mtihani. Aliyafanya Mei, na mwenyewe alisema saa moja ya kurudi nyuma na tela ilimfaa kuliko video zote alizotazama.

Juni tuliipakia kama siku ya safari, tukaipeleka kwenye mizani ya umma. Kilo 1,590. Tisini zaidi ya kinachoruhusiwa.

Mdogo wangu hakuamini, kwa sababu ndani palionekana patupu. Tukaanza kushusha kitu kimoja kimoja. Mitungi miwili ya chuma ya gesi, kila mmoja una kilo 11 za gesi na chuma chenyewe kinakaribia uzito huo huo: tukabaki na mmoja. Tangi la maji safi lilikuwa limejaa lita 40, hizo ni kilo 40 zinazosafirishwa kwenda mahali penye bomba. Mchele kilo 20, sembe kilo 10, sufuria mbili nzito za shughuli, jiko la mkaa. Sufuria moja ilibaki Kassel baada ya mazungumzo marefu. Kreti za maji ya chupa zilihamia kwenye buti la gari, maana gari lilikuwa bado na nafasi. Tulipopima tena ilisoma 1,470, na gari lenye watu wanne 2,050. Jumla 3,520. Ishike namba hiyo, tutairudia.

Kuna uzito wa tatu ambao wengi hawaujui, ule unaokandamiza kiungio nyuma ya gari. Ukiwa mdogo mno, mkia wa karavani unaanza kucheza barabarani. Ukiwa mkubwa mno, pua ya gari inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Gari lake lilikuwa na kikomo cha kilo 85 (kisanduku cha 13), kiungio cha karavani kilo 100, na kati ya hizo mbili unafuata iliyo ndogo. Tuliweka kipande cha ubao juu ya mizani ya bafuni, tukashusha shingo ya karavani juu yake: 110. Hema la pembeni, ambalo ni zito, lilikuwa limewekwa mbele kabisa. Tulilisogeza juu ya ekseli na mizani ikasoma 80.

Tairi zilikuwa na rangi nzuri na kashata zimejaa. Ubavuni mwake kulikuwa na namba 2316, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Miaka tisa. Tairi za karavani huzeeka zikiwa zimesimama juani, na kashata haikuelezi hilo. Zilibadilishwa zote mbili. Vioo virefu vya pembeni vilinunuliwa pia, kwa sababu karavani ni pana kuliko gari, na bila hivyo unaendesha huku huoni nyuma yako.

Njia nne mezani

Baada ya hapo ndipo tulipofungua ramani.

Nilimwambia ajifanye anaondoka Jumamosi asubuhi ya likizo. Simu iliona foleni bonde la mto Inn, ikampeleka pembeni: Garmisch, Mittenwald, Seefeld, kisha kushuka Zirl kuelekea Innsbruck. Kwa gari tupu ni njia nzuri tu. Kwa karavani ni mtego. Mteremko wa Zirl, Wajerumani wanauita Zirler Berg, unafika asilimia 16 na pembeni yake zimejengwa njia za dharura zilizojazwa changarawe kwa ajili ya malori yaliyoishiwa breki. Barabara yenye njia hizo imeshakueleza historia yake. Kwa kilo zetu 3,520, asilimia 16 ni sawa na mkono unaokusukuma mgongoni kwa nguvu ya kilo 550 hivi. Asilimia 6 ni kama 210. Simu haijui una nini nyuma. Inajua dakika tu.

Niliifuta pia mistari ya mkato ambayo macho ya mgeni huipenda. Timmelsjoch, njia ya mlimani iliyo karibu mita 2,500 juu ya bahari, inaonekana kama daraja la moja kwa moja kwenda Meran, Italia, lakini karavani haziruhusiwi. Stelvio ina mita 2,757 na kona kali 48 upande mmoja. Hizo ni za pikipiki na baiskeli.

Njia ya pili ilikuwa Füssen, Fernpass, Landeck, Reschen, Meran. Wavutaji karavani wengi wa Ujerumani wanaipenda. Fernpass iko mita 1,212, mpando wake haupiti asilimia 8, na ukivuka Reschen kwenye mita 1,500 hivi unalikuta ziwa lenye mnara wa kanisa uliochomoza majini, mabaki ya kijiji kilichofunikwa na maji ya bwawa mwaka 1950. Lakini ni milima miwili badala ya mmoja, barabara ya pande mbili bila kizuizi katikati, na mwishoni mwa wiki magari huzuiwa kwa mafungu kwenye handaki la mpakani Füssen. Kwa dereva wa safari ya kwanza nilikataa.

Ya tatu ilikuwa Gotthard, Uswisi. Watu wengi hushangaa nikiwaambia kwamba njia hii iko chini kuliko Brenner, kipito cha mlimani kati ya Austria na Italia: ndani ya handaki sehemu ya juu kabisa ni mita 1,175, wakati Brenner ni 1,374. Ungeona ni chaguo la wazi. Ila kutoka Kassel ni mzunguko wa magharibi kupitia Basel, halafu Milano na msongamano wake. Uswisi inataka stika ya ushuru ya faranga 40 kwa gari na nyingine ya faranga 40 kwa tela. Na handaki lina kilomita 16.9. Mdogo wangu anabanwa na pumzi kwenye mahandaki marefu, na alishasoma habari za moto wa Oktoba 2001 uliochukua maisha ya watu 11 humo ndani. Tangu wakati huo usalama umeboreshwa sana, nilimweleza. Akaniambia, "Kaka, najua. Lakini mwili wangu haujui." Hoja hiyo niliihesabu sawa na asilimia za mteremko. Abiria anayetetemeka pembeni ya dereva mgeni ni hatari ya kweli.

Ikabaki Brenner: Würzburg, Nürnberg, Munich, Kufstein, Innsbruck, mpakani, kisha A22, barabara kuu ya Italia, hadi Garda. Jumla ni kati ya kilomita 850 na 900, na yote ni barabara kuu yenye njia mbili au zaidi. Kwenye Alps miinuko yake haizidi asilimia 6 hivi. Ubaya wake ulikuwa mmoja mkubwa mwaka huo: daraja la Lueg, karibu na Gries, limechakaa, na tangu tarehe 1 Januari 2025 siku nyingi magari hupita njia moja kila upande. Tena mwishoni mwa wiki za kiangazi Tirol, jimbo la Austria tunalopita, hufunga barabara za vijijini kwa wapitaji, kwa hiyo anayekimbia foleni kwa kutoka barabara kuu anarudishwa na polisi. Usipotoka kwa wakati, unakaa humo.

Kwa hiyo tulichagua saa kabla ya kuchagua kitu kingine. Jumatatu tarehe 14 Julai, Kassel hadi jirani ya Ingolstadt, kilomita 400, kulala. Jumanne kuondoka saa 10 alfajiri, kuivuka Munich kabla haijaamka, kuwa juu Brenner saa 3 asubuhi. Likizo za shule za Bavaria zilikuwa hazijaanza. Austria tela halilipi stika yake, linapita kwa stika ya gari, ila sehemu ya Brenner ina ushuru wake wa pekee unaolipwa Schönberg. Italia huhesabu ekseli: gari na karavani ya ekseli moja ni ekseli tatu, daraja la 3. Mwendo Italia ni 80 kwenye barabara kuu kwa anayevuta, na tulikubaliana 80 iwe kasi yetu kuanzia mpaka wa Austria. Baiskeli za watoto zilizotokeza nyuma zilifungiwa kibao cha mistari myekundu na myeupe cha sentimita 50 kwa 50, maana Italia inakitaka.

Jinsi breki ya karavani inavyofanya kazi

Hapa ndipo ningependa kila msomaji akae nami kidogo.

Breki ya karavani haina uhusiano wowote na mguu wako. Hakuna bomba la mafuta wala waya wa breki kutoka kwenye gari. Unapopunguza mwendo, karavani inajisukuma mbele, shingo yake inaingia ndani sentimita chache, na ule msukumo unavuta nyaya zinazobana breki za magurudumu yake. Ni ubunifu rahisi na unaoaminika. Lakini fikiria mteremko mrefu: karavani inakusukuma muda wote. Hata usipokanyaga breki, hata ukishuka kwa gia tu, shingo imeingia kidogo na breki zake zinasugua polepole. Ukiongeza mguu wako juu ya pedali kwa kuuegemeza tu, zinasugua bila kupumzika na joto halipati pa kutokea.

Joto hilo ni kiasi gani? Kutoka Brenner hadi Sterzing, mji wa kwanza wa maana upande wa Italia, unashuka mita 426 katika kilomita kama 15. Kilo 3,520 zikishuka urefu huo zinaachia nguvu ya kuchemsha lita 44 za maji kutoka baridi ya bombani. Madumu mawili ya lita 20 na zaidi kidogo, yote yatokote. Lazima yaende mahali. Sehemu kubwa huchukuliwa na hewa inayopiga uso wa karavani, maana kwa kasi ya 80 hewa hiyo ni breki ya bure. Injini inachukua nyingine ukiwa kwenye gia ndogo. Kinachobaki ndicho cha breki, na kazi ya dereva ni kuhakikisha kinachobaki ni kidogo.

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa Kitonga. Punguza mwendo kabla ya mteremko, usisubiri uwe ndani yake. Shuka kwa gia ambayo ungeipandia. Gari la otomatiki lisiachwe kwenye D, liwekwe kwenye gia za mkono, namba tatu au nne. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu sekunde chache, ushuke kilomita 15 za mwendo, kisha ondoa mguu kabisa ili karavani ipumue. Kushuka kwa frii, yaani bila gia, ni marufuku.

Mazoezi hayakuhitaji kwenda mbali. Barabara ya A7 kuzunguka Kassel ina vilima vinavyofika asilimia 8, madereva wa malori Ujerumani nzima wanavijua. Jumapili mbili za Juni, siku ambayo malori makubwa hayaruhusiwi barabarani, tulipanda na kushuka na karavani iliyojaa hadi mkono wake ukazoea kushusha gia bila kufikiri.

Siku yenyewe

Jumanne ilikwenda kama tulivyoiandika. Mimi nilikuwa nyuma yao na gari langu, simu ikiwa wazi. Upepo wa kusini, ule wanaouita föhn, huweza kupiga vibaya pale daraja la Ulaya, lililofunguliwa 1963, linapopita mita 190 juu ya bonde. Asubuhi hiyo hewa ilitulia. Daraja la Lueg tulilikuta na foleni ya dakika kumi. Saa 3 na robo tulikuwa juu.

Kushuka kulinifurahisha moyo. Alipunguza hadi 70 kabla ya mteremko, injini ikanguruma, taa za breki zikawaka, zikazima, kimya, zikawaka tena mbali. Sterzing tulisimama nikagusa hewa karibu na magurudumu ya karavani: vuguvugu. Shemeji alishuka ndani ya gari akacheka peke yake kama mtu aliyefaulu mtihani. Alistahili.

Nago

Karatasi yangu ya mpango ilikuwa na mistari zaidi ya ishirini. Brenner peke yake ilikuwa na sita. Mstari wa mwisho ulisomeka hivi: "Toka Rovereto Sud, km 15, kambi."

Hizo kilomita 15 sikuziangalia. Kutoka Rovereto barabara inakwenda Mori, inapanda taratibu hadi mita 287, inafika kijiji cha Nago, na hapo ardhi inaisha. Ziwa liko chini yako, zuri kupita maelezo, na barabara inadondoka kwenda Torbole kwa kona, mita kama 150 ndani ya kilomita mbili hivi. Ilikuwa saa 6 na nusu mchana. Mbele kulikuwa na waendesha baiskeli, basi, na watalii wanaopunguza mwendo ili wapige picha.

Shemeji alikuwa ameshafika, kichwani mwake. Mlima ulikuwa nyuma, watoto wanapiga kelele za kuona maji. Gia ilikuwa kwenye D. Niliona taa za breki zikiwaka na hazizimi. Nilimwambia kwenye simu ashushe gia, lakini mdogo wangu alikuwa amechukua simu hiyo kupiga picha ya ziwa. Kwenye kona ya pili harufu iliingia ndani ya gari langu kupitia matundu ya hewa. Kila aliyeendesha lori anaijua harufu ile, na tumbo langu lilijikunja kama niko Kitonga.

Alifika chini salama. Alisema pedali ilikuwa imeanza kushuka zaidi ya kawaida, akaibonyeza mara mbili ikashika. Tulisimama kwenye eneo tambarare. Gurudumu la kulia la karavani lilitoa moshi mwembamba. Hatukulimwagia maji, maana chuma chenye moto kikipata maji ya ghafla hupasuka au kupinda. Hatukufunga breki ya mkono ya karavani, kwa sababu viatu vya breki vikibana ngoma iliyo moto vinaweza kushikana nayo ikipoa. Tuliweka vizuizi vya mbao chini ya tairi, tukakaa kivulini saa nzima.

Nimelifikiria tukio hili mara nyingi. Nguvu iliyoachiwa kutoka Nago hadi ziwani ingechemsha lita 16 za maji, pungufu ya nusu ya ile ya Brenner hadi Sterzing. Bado kubwa ilituacha vuguvugu na ndogo ikatutoa moshi. Mwendo ulikuwa kama 30, kwa hiyo hewa haikusaidia chochote. Gia kubwa ilimaanisha injini haikusaidia. Joto lote likaenda kwenye breki, kwa dakika chache, bila pumziko. Urefu wa mlima haukuwa na neno. Neno lilikuwa nani anabeba joto.

Kosa la gia lilikuwa lake. Kosa la kumleta pale lilikuwa langu. Angeweza kuendelea na A22 hadi kutokea Affi, ambako kusini mwa ziwa ardhi imelala, Lazise na Peschiera kambi zimejaa na hakuna mteremko mkali wa kushuka. Kambi ya Torbole ilichaguliwa kwa picha zake, nami nikaikubali bila kuuliza lile swali langu mwenyewe la tatu.

Kurudi hatukupanda Nago. Tuliondoka saa 11 alfajiri kwa barabara ya ukingo wa mashariki wa ziwa, kupitia Malcesine hadi Affi, tambarare karibu muda wote na bila basi hata moja saa ile. Brenner tuliupanda kwa 60 nyuma ya malori, tukaushuka upande wa Innsbruck kwa namba tatu.

Nyumbani Kassel nilimwomba apeleke karavani kwa fundi afungue ngoma za breki zote mbili. Kitambaa cha breki cha kulia kilikuwa kimeng'aa kama kioo kwa moto. Cha kushoto kilikuwa karibu kama kipya. Waya wa kushoto ulikuwa umelegea, huenda miaka mingi kabla hatujainunua, na breki ya upande ule ilikuwa haigusi kabisa. Brenner tuliushuka na breki ya gurudumu moja. Nilikuwa nimeuliza uzito, leseni, tairi, gesi, hadi umri wa mpira. Kufungua ngoma za breki, kazi ambayo kule nyumbani Tanzania tusingetoka gereji bila kuifanya, hakuna aliyekumbuka.

Fundi alibadilisha vitambaa pande zote, akakaza nyaya zikalingana, akaizungusha kila tairi kwa mkono huku mwenzake akisukuma shingo ndani taratibu. Zilisimama pamoja.